Rangi za Maji: Tusiulaumu Mkono Kabla ya Kuitazama Karatasi

Juma hili ukurasa wetu ulikuwa umeandaliwa kwa habari za kuhifadhi maharage yasibunguliwe. Habari hizo zitangoja, kwa sababu tumepokea barua ambayo haistahili kungojeshwa. Imetoka kwa mke wa sajini mmoja. Jina lake na la kambi yake tunayahifadhi, kama alivyotuomba.

Mama huyu anatueleza kwamba mumewe alijeruhiwa mkono wa kulia akiwa kazini. Jeraha limepona, lakini vidole viwili vimebaki vigumu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshauri autumie mkono huo kila siku kwa kazi nyepesi anayoipenda, naye Sajini, ambaye tangu shuleni alikuwa hodari wa kuchora, akachagua rangi za maji. Alichukua kisanduku cha rangi cha mwanawe wa darasa la nne pamoja na karatasi za daftari, akakaa mezani jioni nne mfululizo. Kila picha ilikunjamana kama jani kavu la mgomba, rangi zikafanya mabaka, na mistari ikavuja ovyo. Jirani mmoja alipita, akacheka kumwona askari mzima akichezea rangi za watoto. Jioni ya tano Sajini alimrudishia mtoto kisanduku chake na kusema, "Mkono huu umekufa, tusidanganyane." Tangu siku hiyo hajashika brashi, na hata mazoezi mengine aliyopewa ameanza kuyaacha.

"Dada Mhariri," anauliza mama huyu, "je, ni mkono au ni vifaa? Kama ni mkono, niambie nisimsumbue tena. Kama ni vifaa, niambie ninunue nini, nami fedha zangu si nyingi." Ndani ya bahasha ameweka picha moja aliyoiokota baada ya kutupwa. Ni ya kilima, migomba na anga la jioni.

Kuhusu mkono sina la kusema, hilo ni la daktari. Kuhusu vifaa ninalo, tena la hakika, kwa kuwa nimelijaribu. Nilichana karatasi ya daftari la mwanangu, nikaazima kisanduku kama kile cha mtoto wa Sajini, nikakaa kupaka kilima kile kile na anga lile lile. Mimi nimepaka rangi za maji kwa miaka mingi, na vidole vyangu vyote kumi ni vizima. Karatasi yangu ilikunjamana, rangi ikafanya mabaka, na ukingo wa kilima ukavujia angani. Nilipoziweka picha hizo mbili kando kwa kando na kumwuliza mwenzangu ofisini ipi ni ya mgonjwa, aliinua ile yangu.

Basi, Mama, jibu lako ndilo hilo. Sajini ameuhukumu mkono wake kwa kosa la karatasi. Yaliyosalia ni maelezo ya kwa nini mambo huwa hivyo, na namna ya kuyatengeneza bila kuuza mbuzi.

Rangi ya maji ni unga laini wa rangi uliosagwa pamoja na gundi ya miti. Gundi hiyo hutoka katika mti wa jamii ya mgunga, na kwa karne nyingi sehemu kubwa ya gundi inayouzwa duniani imetoka Sudan, hasa katika nchi kavu ya Kordofan. Maji huilainisha gundi na kuusambaza unga. Maji yakiisha kukauka, gundi huushika unga juu ya karatasi. Kwa hiyo kazi yote, tangu mwanzo hata mwisho, ni kazi ya maji: yamekuwa mengi au machache, yamekaa juu ya karatasi au yamezama, yamekauka au bado. Mchoraji wa rangi za mafuta aweza kukosea asubuhi akarekebisha jioni. Wa rangi za maji hana budi kujua maji yake yako wapi.

Sasa itazameni karatasi ya daftari. Imetengenezwa kwa ajili ya kalamu. Uzito wake kwa mita moja ya mraba aghalabu haufiki hata gramu 80. Ukiitia maji, nyuzi zake huvimba upande ule uliolowa, na upande mkavu haukubali kuvimba pamoja nao, ndipo karatasi inapoinuka na kufanya mabonde. Maji huteremka bondeni, rangi hufuata maji, na hayo ndiyo mabaka aliyoyaona Sajini. Isitoshe, karatasi hiyo hunyonya upesi mno. Kabla brashi haijafika upande wa pili, upande wa kwanza umekwisha kauka, na pale rangi mpya inapokutana na kavu pana ukingo usiofutika. Hakuna mkono duniani, hata wa fundi mkubwa, unaoweza kulishinda jambo hilo.

Karatasi ya rangi za maji ni kitu kingine kabisa. Iliyo nzuri hutengenezwa kwa pamba, na ya bei nafuu kwa nyuzi za miti. Katika kutengenezwa kwake hutiwa dawa ya kuzuia maji yasizame upesi, na kwa karatasi nyingi bora dawa hiyo ni gelatini, ile ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Uzito wa kufaa kwa anayeanza ni gramu 300 kwa mita ya mraba, na huandikwa juu ya jalada. Ziko za uso laini, za uso wenye chembechembe kidogo, na za uso mkwaruzo. Chukueni ile ya kati. Uso laini humteleza anayeanza, na uso mkwaruzo humficha makosa yake asiyaone.

Mkiwa dukani na hamna hakika, ombeni kipande kidogo na mdondoshe tone moja la maji. Likisimama kama shanga kwa muda, karatasi hiyo yafaa. Likizama papo hapo na kuonekana upande wa nyuma, rudisheni, hata kama muuzaji ataapa.

Najua mtasema karatasi hiyo ni ghali. Kweli ni ghali kuliko ya daftari. Lakini tufanye hesabu. Karatasi kamili ina sentimita 56 kwa 76. Ikunjeni mara mbili upande mrefu na mara moja upande mfupi, mzikate, mtapata vipande 8 vya sentimita 28 kwa 19, ukubwa unaotosha kabisa. Kila kipande kina pande mbili. Hayo ni mazoezi 16 kutoka karatasi moja. Mtu akipaka kipande kimoja kila Jumamosi na Jumapili, karatasi moja yampeleka karibu miezi miwili. Sidhani kama yupo bwana katika laini zetu ambaye starehe zake za miezi miwili zina gharama ndogo kuliko hiyo.

Na hapa napenda kuwaonya wanaoanza wote, si Mama huyu peke yake. Nimewaona wengi wakitumia fedha zao zote kununua kisanduku kikubwa chenye rangi 36 au 48, kilichopangwa vizuri kama duka la shanga, halafu wanapaka juu ya karatasi ya mashine ya chapa. Wamefanya kinyume. Mwenye fedha kidogo aanze na karatasi, kisha brashi, na rangi ziwe mwisho. Rangi za kawaida juu ya karatasi njema zitatoa picha ya kutundikwa ukutani. Rangi bora juu ya karatasi mbovu hazitatoa kitu.

Brashi ni moja tu kwa kuanzia: ya duara, namba 8 au 10, yenye tumbo nene la kubeba maji na ncha inayochongoka ikilowa. Ijaribuni kwa kuilowesha na kuikung'uta mara moja. Ikirudi na ncha moja, ni nzuri. Ikifanya ncha mbili kama ulimi wa nyoka, iacheni. Brashi bora za zamani hufanywa kwa manyoya ya mnyama mdogo wa Siberia na bei yake hutisha, lakini siku hizi nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Brashi nyembamba sana za namba 0 na 1 msinunue sasa. Humfundisha mtu kuchungulia vitu vidogo kabla hajaviona vikubwa, na kwa Sajini zingekuwa adhabu, kwa sababu zinataka vidole vibane. Brashi nene haiendeshwi kwa vidole, bali kwa kiwiko na bega. Na kama mpini wake ni mwembamba mno kwa vidole vyake, kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, uuzungushe mpaka mpini uwe mnene wa kushikika. Hilo hufanywa hata kwa vijiko vya wagonjwa.

Rangi ni nne. Buluu ya bahari, ambayo juu ya kichupa huandikwa Ultramarine. Manjano ya limau. Nyekundu ya waridi. Na hudhurungi ya udongo uliochomwa, iandikwayo Burnt Sienna, inayofanana sana na udongo wa barabara zetu mvua inapoisha. Zipo za vidonge vikavu na zipo za kukamua, na zote ni rangi ile ile. Tyubu za bati za kukamua zilibuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, kwa ajili ya rangi za mafuta, na baadaye wa rangi za maji nao wakazitumia. Rangi ya kukamua ikikauka kwenye sahani isitupwe, kwani maji huifufua.

Kama kwa sasa hamna budi kutumia kisanduku cha mtoto, tumieni, lakini juu ya karatasi nzuri, na dondosheni tone la maji juu ya kila kidonge dakika tano kabla ya kuanza. Vidonge hivyo vina unga mchache na vitu vingi vya kujazia, na mtu asipovilainisha kwanza hupata maji yenye rangi hafifu akadhani hajui kuchanganya.

Katika rangi hizo nne mtapata karibu kila mnachokitaka. Buluu na manjano hutoa kijani cha jani changa la mgomba. Mkiongeza hudhurungi kidogo mnapata kijani kizito cha mwembe. Buluu na hudhurungi zikichanganywa hutoa kijivu kizuri kuliko chochote kiuzwacho kwa jina hilo. Buluu ikizidi ni wingu la mvua, hudhurungi ikizidi ni bati lililopata kutu. Manjano na hudhurungi, pamoja na ncha tu ya brashi ya buluu, ni kaki ya sare mnayoipiga pasi kila asubuhi. Nyeusi msinunue. Nyeupe pia msinunue kwa sasa, kwa kuwa weupe wa picha ya rangi za maji ni weupe wa karatasi yenyewe. Mahali panapotakiwa kuwa peupe, msipaguse. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza, kwani hutaka aamue kabla ya kupaka, si baada ya kupaka.

Vilivyobaki viko nyumbani. Sahani nyeupe ya udongo ya kuchanganyia. Mitungi miwili ya maji, mmoja wa kusuuzia brashi na mwingine wa maji safi. Kitambaa cha pamba kilichochakaa. Penseli laini. Ubao mwepesi uliozidi karatasi kidogo kila upande. Tepu ya karatasi ile wanayotumia wapaka rangi wa nyumba. Bandikeni kingo zote nne za karatasi juu ya ubao kwa tepu hiyo, na kipande kidogo cha gramu 300 kitatulia. Mwenye karatasi nyepesi zaidi, kama gramu 190, ailoweke kwanza ndani ya karai la maji safi kwa dakika tatu au nne, ailaze juu ya ubao ingali maji, abandike kingo zake kwa vipande vya karatasi ya kaki vilivyopakwa gundi ya unga wa ngano, na aache mpaka kesho yake. Ikikauka itakuwa imekaza kama ngozi ya ngoma, na haitakunjamana tena.

Wazazi wasikilize jambo moja. Msiulambe ulimi wa brashi ili kuichongoa ncha, wala msimruhusu mtoto kufanya hivyo, na mitungi ya rangi isiwe vikombe vya kunywea. Baadhi ya rangi, hasa manjano na nyekundu zenye kadimiamu na baadhi ya buluu zenye kobalti, zina madini yasiyofaa kuingia mwilini.

Sasa tupake. Zoezi la kwanza si picha, ni pazia la rangi moja. Inueni upande wa juu wa ubao kwa kitabu kimoja ili uiname kidogo. Changanyeni buluu nyingi kuliko mnavyodhani itahitajika, kwani aliyeishiwa katikati hawezi kurudi kuchanganya iliyo sawa na ya kwanza. Jazeni brashi, pitisheni mstari mmoja juu kutoka kushoto hadi kulia. Chini ya mstari huo mtaona maji yamejikusanya kama ukingo wa ushanga. Huo ushanga ndio wa kulindwa. Jazeni tena brashi, pitisheni mstari wa pili ukiugusa ushanga, nao utateremka. Endeleeni hivyo hadi chini, kisha kausheni brashi kwa kitambaa na kwa ncha yake mfyonze ushanga wa mwisho. Halafu ondokeni. Nasema ondokeni, wekeni chai, kwa sababu mkikaa hapo mtaona kidoa kidogo, mtataka kukirekebisha, na brashi yenye maji ikigusa rangi iliyokauka nusu maji huisukuma rangi na kuacha alama yenye kingo za kuchanuka kama koliflawa. Picha nyingi zimeharibiwa na mtu aliyekuwa akizitengeneza.

Zoezi la pili ni hilo hilo, ila kila mstari muongeze maji na kupunguza rangi. Hapo mtapata anga, buluu kali juu na weupe karibu na vilima. Kabla halijakauka, kunjeni kitambaa na mguse hapa na pale kunyanyua rangi. Mawingu yamekwisha patikana, tena bila nyeupe.

Zoezi la tatu ni sufuria ya nyumbani. Iwekeni karibu na dirisha ili mwanga uje upande mmoja. Acheni ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe pale inapong'aa. Pakeni kijivu hafifu sehemu yote iliyobaki, mngoje ikauke kabisa, kisha kijivu cha pili, kizito kidogo, upande wa kivuli, na cha tatu karibu na masizi. Daima tunakwenda kutoka hafifu hadi nzito, kamwe si kinyume chake. Na mkumbuke kwamba rangi ikikauka hupauka kuliko ilipokuwa mbichi, basi msiogope kuikoleza. Aliyeweza sufuria ameweza mtungi, pipa, kisima, na ile nyumba ya mabati ya duara tunayoiita yunipoti, kwa kuwa zote ni umbo lile lile.

Mkitoka nje kupaka, pigeni picha kwa simu kabla ya kuanza, maana kivuli cha saa tatu si kivuli cha saa tano. Msimu wa mvua rangi hukauka polepole, na huo ndio wakati mzuri wa ukungu wa asubuhi: loweka karatasi yote kwa maji matupu, kisha gusa vilima kwa kijivu cha buluu na uviache vijitawanye vyenyewe. Kwa kazi hiyo mkono unaotetemeka hauna hasara yoyote. Jambo moja kwa askari wetu: msipake lango la zamu, ghala la silaha, wala mitambo ya mawasiliano, hata kwa nia njema. Picha ni habari.

Na hilo linanirudisha kwa yule jirani aliyecheka. Anayeona rangi za maji ni mchezo wa watoto hajui kwamba jeshini ziliwahi kuwa somo. Katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, karibu na London, kilichoanzishwa mwaka 1741 kwa ajili ya maofisa wa mizinga na wahandisi, uchoraji ulifundishwa, na mwaka 1768 Paul Sandby aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa somo hilo. Sandby alianza ujanani akiwa mchoraji katika upimaji wa kijeshi wa nchi ya Uskochi ulioanza mwaka 1747, na leo huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa uchoraji wa rangi za maji huko Uingereza. Somo hilo halikuwekwa kwa ajili ya kupamba kuta. Kamera haikuwapo. Ofisa aliyetumwa mbele alipaswa kurudi na sura ya mlima, kivuko na ngome, ili wakubwa wake waione kwa macho yake. Rangi za maji zilifaa kwa kuwa zinaingia mfukoni, zinakauka upesi, na hazihitaji kitu kingine ila maji.

Karibu zaidi nasi alipita ofisa Mskochi wa jeshi la India, James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke kutoka Unguja kutafuta chimbuko la Naili kati ya mwaka 1860 na 1863. Mwaka 1862 mguu wake uliuma hata akaachwa Karagwe, kwa Mfalme Rumanika, ilhali mwenzake ametangulia kwenda Buganda. Katika safari ile Grant alichora na kupaka kwa rangi za maji watu, mimea na makazi aliyoyaona, na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi mjini Edinburgh. Simtaji kwa kumsifu, maana safari zile ziliwafungulia njia waliokuja kututawala. Namtaja kwa ajili ya jambo moja tu, ambalo Sajini angependa kulijua: mwaka 1857, miaka mitatu kabla ya safari, Grant alijeruhiwa vibaya mapiganoni huko Lucknow, India. Jeraha lile lilikuwa la mkono wa kulia.

Picha zenu zikikamilika, msizitundike mahali panapopigwa na jua. Baadhi ya rangi, hasa ile nyekundu ya zamani iitwayo alizarini, hupauka kwa mwanga. Ndiyo sababu nimeshauri waridi badala yake, na hata hiyo, tazameni kama kwenye kichupa pameandikwa kuwa inastahimili mwanga. Zilizobaki zilazeni ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na unyevu na mbali na mchwa, ambao kwao karatasi ya pamba ni karamu.

Sasa, Mama, kwako wewe. Nunua karatasi moja kamili ya gramu 300, brashi moja ya namba 8, na utepe wa tepu. Rangi endeleeni na kisanduku cha mtoto mpaka mwisho wa mwezi, halafu ongezeni hizo nne, moja moja kadiri mtakavyojaliwa. Kata vipande vinane, ubandike kimoja juu ya ubao, ukiweke mezani jioni pamoja na maji na gazeti hili, nawe uende jikoni. Usimwite na usimsimamie. Mwache mtoto akae karibu naye kama akitaka, kwani kisanduku ni chake.

Picha uliyotuletea ninakurudishia kwa posta, pamoja na ile niliyoipaka mimi juu ya daftari. Umwonyeshe Sajini zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Upande wa nyuma wa kila moja nimebandika kipande cha karatasi nzuri chenye kilima kile kile, nilichokipaka kwa rangi zile zile za mtoto. Atakapozigeuza ataona.

Habari za maharage tutazieleza juma lijalo. Wale walioandika kuuliza kuhusu majivu na pilipili kavu wavumilie, na wakati huo huo wayaanike maharage yao juani, siku mbili kamili, kabla ya kuyatia guniani.